Pakiti Nne za Mama wa Kaptagat

Kwenye chemist tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu wa mwisho, muuza dawa, mzee wa kikohozi aliyekaa kwenye benchi, na mama mmoja wa Kaptagat aliyekuja kutafuta dawa ya magoti. Nawataja wote kwa sababu nikisimulia hii habari watu hudhani nimetia chumvi.

Ilikuwa Ijumaa. Mtihani wa kidato cha nne wa mdogo wangu ulikuwa unaanza Jumatatu, na dawa yake ya kifafa ilikuwa imebaki vidonge vitatu. Humeza kimoja asubuhi, kimoja jioni. Akikosa siku mbili, anaanguka. Hospitalini walisema imeisha. Mjini tulikuwa tumeuliza chemist sita. Hii ilikuwa ya saba.

"Iko," muuza dawa akasema. Moyo wangu ukaruka! Akainama, akatoa mkebe chini ya kaunta, akamwaga vidonge vyeupe kwenye bahasha ya kaki.

Nikaweka kwenye kaunta pakiti tupu niliyotoka nayo nyumbani. Tangu wazazi wetu wafariki, situpi pakiti ya dawa yoyote. Niliacha shule darasa la saba, lakini majina ya dawa nayasoma herufi kwa herufi.

"Yako haina jina," nikamwambia.

"Dada, ni ile ile. Imevuka mpaka tu."

"Jina lilibaki mpakani?"

Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Muuza dawa akanuna. "Kwani wewe umesomea udaktari wapi?"

"Darasa la saba."

Mdogo wangu akanivuta mkono. "Dada, chukua tu. Nitameza." Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Nilitamani kukubali, kusema kweli. Nikairudisha bahasha.

Hapo ndipo mama wa Kaptagat akaichukua pakiti yangu, akaisogeza karibu na macho. "Hii naijua. Kijana wangu anameza hii." Akafungua mkoba wake, na mle ndani, chini ya leso, pakiti zilikuwa zinang'aa! Alikuwa ametoka kliniki ya kanisa asubuhi hiyo, wa mwisho kupewa dawa kabla dirisha halijafungwa.

Nilizilinganisha na yangu mara tatu: jina, nguvu, mwezi wa kuisha. Sawa, sawa, sawa! Akatoa nne, za vidonge kumi kumi.

Nikatoa pesa. Akanipiga kofi dogo mkononi.

"Weka. Kijana wangu atameza noti? Chumvi ya jirani inarudishwa chumvi. Nirudishie dawa, kabla hii aliyobaki nayo haijaisha."

"Na nisipopata, Mama?"

"Mtu amebishana na chemist juu ya jina, atakosa kupata?"

Tulitoka tukikimbia kama watoto, mdogo wangu amezikumbatia zile pakiti kifuani. Alifanya karatasi zote za mtihani bila kuanguka hata mara moja.

Dawa ilirudi hospitalini kidogo kidogo, na kila tuliyopewa tuligawa na Kaptagat. Nimepeleka pakiti tatu. Jana mama alinipigia: kijana wake ana za kumfikisha Jumapili. Leo ni Alhamisi. Pakiti moja bado sijaipata, pakiti tupu iko mfukoni, na nimeshavaa viatu.