Sahani Moja Katika Banda la Ndege

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Nakumbuka hata harufu ya mvua yake. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, nina maoni mengi. Tulikaa hapa hapa Gisenyi, mtaa wa Mbugangari, na Mama alikuwa amefariki miezi michache kabla. Aliacha tetere wawili, njiwa wadogo aliowafuga ndani ya kitundu kwenye dirisha la jiko, na Baba hakuweza kuwatazama mle bila kugeuza uso.

Akaamua kuwajengea banda uani. Lilikuwa banda hasa: nguzo za mikaratusi juu ya msingi wa mawe meusi ya volkano, wavu wa chuma pande zote, nusu ya paa bati na nusu wazi ili ndege waione mbingu. Aliweka milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine, ili anayeingia asitoroshe ndege. Mimi nilichangia hotuba kuhusu hewa na mwanga.

Kwa kuwa nafasi ilibaki, Baba alinunua kanga na kware, tetere wa Mama wasiwe wapweke. Katikati aliweka sahani moja pana ya mtama. Hata nyumba yetu ilikuwa hivyo: tangu turudi kutoka Kongo, kila jamaa aliyevuka mpaka alipata godoro kwetu, tukala sinia moja. Baba alijivunia sana hilo.

Jumapili moja alikuja Shangazi Veneranda kutoka Goma, dada mkubwa wa Baba, Yaya kama alivyomwita, aliyefuga ndege tangu usichana wake. Alisimama mbele ya wavu muda mrefu, mwavuli begani.

“Yaya, unaona namna gani?” Baba aliuliza. “Iko muzuri, eh? Kila mutu iko na nafasi.”

“Nafasi iko. Na chakula?”

“Si ile pale? Imejaa!”

“Imejaa, ndiyo. Na bale bakubwa banasimama juu yake kama batu ya forodha pa mupaka. Kale kadogo katapita wapi?”

Baba alicheka. Shangazi hakucheka. “Bon, niletee kale kamoja.”

Tetere mmoja alikuwa kwenye kijiti, amejitutumua, mviringo kama mpira. Mimi nilikuwa nimeshatangaza kwamba amenenepa. Shangazi alimshika, akapitisha kidole chini ya manyoya ya kifua, kisha akauvuta mkono wa Baba.

“Gusa.”

Mfupa wa kifua ulikuwa umechongoka kama ukingo wa kisu. Manyoya yalikuwa mengi, nyama haikuwapo. Hakuna kanga aliyemdonoa. Alikuwa akingoja zamu, na zamu haikufika.

“Sikuona, Yaya,” Baba alisema.

“Hata Béatrice, we haukumuona.”

Béatrice ni Mama. Shangazi aliendelea polepole, bila kumtazama ndugu yake. “Alikuwa anakula wa mwisho, amesimama mu jikoni, kile kilibakia. Anafunga kitenge juu ya kitenge. Siku munganga alimupima, we ndiyo ulishangaa kuliko batu yote.”

Baba alimpokea yule ndege. Alimshika kwa mikono miwili, mvua ikimpiga mgongoni, hadi Shangazi akamfunika kwa mwavuli.

Tetere yule alikufa kesho yake. Mwenzake tulimwahi: tulimtengea upande wake kwa wavu, na sahani yake, na kichaka cha kujificha. Aliishi miaka. Lakini sikumsikia akilia tena.

Basi, mwanangu, ukijenga banda la ndege wa aina nyingi, anza kumfikiria aliye mdogo. Usiweke sahani moja. Weka nyingi, mbalimbali. Weka vijiti vya kutosha kwa kimo kimoja, wasigombee cha juu. Weka mahali ambapo mnyonge anaweza kutoonekana. Na usiyaamini manyoya, gusa kifua.

Nyumbani kwako pia, kabla hujajisifu kwamba sinia imejaa, tazama nani bado amesimama. Mvutie kiti. Usingoje aombe, kwa sababu wengine hawaombi kabisa.

Mungu akupe nyumba yenye watu wengi, na akujalie kumwona aliye kimya angali na nguvu za kula.