Mstari Uliopita Sebuleni kwa Marashi

Mume wangu wanamwita Buti. Hata wakubwa wa manispaa, jina lake likiwatoka kichwani katikati ya kikao, husema tumuulize Buti. Ni kwa sababu ya mabuti yake ya mpira, ambayo huyavaa na suti, na suti yenyewe nilimshonea mimi wakati bado nina mikono miwili ya kazi. Mvua ikianza, wahandisi wenzake hukimbilia chini ya bati. Yeye hutoka. Husimama barabarani akitazama maji yanaingilia wapi na kutokea wapi, kisha hurudi ofisini amelowa chapachapa na kuanza kuchora.

Tabia hiyo aliitoa shambani. Baba yake alilima mahindi kwenye mteremko, na kila mvua kubwa iliponyesha aliwatoa watoto wote nje, wakapita kwenye matuta pekupeku, kila mmoja akionyesha pale maji yanapotaka kuvunja. Wengine walinung'unika na kutaka kurudi ndani. Huyu wangu alipenda. Anasema uhandisi aliujua kwa nyayo kabla ya kuujua kwa penseli, na kwamba siku walipofundishwa hesabu za mifereji chuoni alicheka peke yake hadi mwalimu akamtoa nje.

Ila baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa na wema wa kukera. Jirani wa upande wa juu aliwahi kuyafungulia maji yake yote yaingie shambani kwao, makusudi kabisa, mahindi yakalala chini. Watoto wakubwa walitaka kwenda kuyaziba yamrudie mwenyewe. Baba mkwe akakataa. Akachimba mfereji mpya ndani ya shamba lake, akapoteza kipande kilichokuwa na rutuba kuliko vyote, eti asigombane na mtu. Mume wangu huisimulia habari hiyo kwa kujivunia. Mimi nikiisikia nauma meno.

Tulikutana kwa sababu ya suruali. Nilikuwa fundi cherehani pale soko la zamani, akaniletea suruali iliyochanika gotini. Wiki iliyofuata akaja na nyingine, na nyingine tena. Nikamuuliza huko kazini wanawachapa au vipi. Baadaye sana, tumeshaoana, nikaukuta wembe kwenye begi lake, akakiri kwamba alikuwa akizichana mwenyewe ili apate sababu ya kuja. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyempata, na simtoi kwa mwingine.

Sasa nimlete Marashi. Huyu alikuwa mhandisi mkuu, bosi wa mume wangu, na jina hilo walimpa vibarua kwa sababu ulijua amefika kabla hujamwona. Manispaa ilikuwa inajenga soko jipya, lenye kibaraza cha zege kilichotokeza mbele ya vibanda, na sisi mafundi cherehani tukapangiwa kukaa chini yake. Mume wangu ndiye aliyesimamia zege lile. Aliliwekea mirunda, zile nguzo za miti za kulishikilia hadi likomae, akalimwaga, akamwambia kila mtu asiiguse mirunda ile.

Lakini kulikuwa na mgeni mkubwa anakuja kufungua soko, na Marashi aliona mirunda ile inaharibu sura. Akamtuma mume wangu mbali, akapime barabara ambayo hakuna aliyekuwa na haraka nayo. Alipoondoka tu, Marashi akaamuru mirunda itolewe, na sisi wauzaji na mafundi tukaambiwa tuketi mahali petu tufanye kazi, mgeni alikute soko lina uhai. Nilikuwa nashona shati la mtu. Zege lilikatika upande wetu. Cherehani yangu ilibonyea kama kopo, na mkono wangu wa kulia ulikuwa juu yake.

Ikaundwa kamati ya uchunguzi. Marashi alisimama mbele yao, amepiga pasi hadi soksi, akasema yule mhandisi kijana alitoa ruhusa kwa mdomo kabla hajasafiri. Nilikuwa nimeketi mbele yake, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Mume wangu akainuka akasema, "Mkuu, huyu hapa ni mke wangu. Mwambie yeye kwamba ni mimi niliyetoa ruhusa." Marashi akanitazama. Alinitazama vizuri tu, macho kwa macho, akasema anawapa pole waathirika wote, akaketi. Mume wangu wakamtoa kwenye majengo, wakampeleka kupima mashimo ya barabarani.

Tangu hapo nilimchukia yule mtu, na sitafuti neno la kulainisha. Nilimchukia asubuhi nikinawa uso kwa mkono mmoja, na mchana nikipita mbele ya mafundi wenzangu nikisikia cherehani zao. Vidole viwili vilibaki, navyo havikunjiki. Niliwaza yatakayompata. Niliwaza siku nitakayosimama mbele yake, na maneno nitakayomwambia niliyatunga, nikayapunguza, nikayatunga tena.

Mume wangu hakuwaza kisasi, au kama aliwaza hakusema. Alijifunza kunifunga vifungo. Alijifunza kunichana na kunisuka, vibaya mwanzoni, hata mama yangu akauliza nimepigana na nani. Hadi leo haondoki nyumbani kabla hajanimenyea kila kitu cha kumenywa na kunifungulia kila kopo na chupa nitakayohitaji. Kazini walimcheka, wakasema mke amemweka kiganjani. Akawajibu kwamba kiganja chenyewe kimebaki kimoja, mnataka nikae wapi. Lakini kila aliponiita fundi, na hajaacha kuniita hivyo, mimi nilimkumbuka Marashi.

Marashi alistaafu kwa hotuba na makofi. Akahamia kwenye jumba alilolijenga bondeni akiwa bado mkuu. Palikuwa na mkondo wa zamani pale, njia ya maji ya mvua kutoka mlimani hadi mtoni, naye aliufukia kwa kifusi cha manispaa akajenga juu yake. Nani angemuuliza? Kazi ya kuuliza ilikuwa yake. Maji yakikosa njia hutafuta nyingine, na yale yalianza kuingia kwa watu. Mvua za mwaka jana yaliingia shule ya chekechea iliyo nyuma ya ukuta wake, walimu wakawatoa watoto wamewabeba migongoni. Wazazi walikwenda manispaa kwa hasira, na manispaa ikaamua kuchimba mfereji mkubwa. Mume wangu alikuwa ameshapanda tena kidogo kidogo kwa jasho lake. Kazi ikaangukia mikononi mwake.

Roho yangu iliruka kwa furaha. Nilimngojea jikoni. Akaingia, akavua mabuti, akaanza kumenya viazi.

"Mfereji unapita wapi?" nikamuuliza.

"Bado nachora."

"Maji yanataka kupita wapi?"

Akamaliza kumenya kiazi. "Yanataka kunyooka," akasema. "Katikati ya nyumba ya Marashi."

"Basi nyoosha."

"Nimeuzungusha. Unakata kona ukutani kwake, unapita nyuma ya shule."

Nikadhani sijasikia vizuri. Nikamuuliza kona hiyo itayashika maji. Akasema kwa mvua za kawaida itayashika. Nikamuuliza na mvua kubwa. Akasema mvua kubwa itaruka kona.

"Ikiruka inaangukia wapi?"

"Shuleni."

"Umepagawa?"

"Fundi, nikiunyoosha watu watasema namlipizia. Na huenda watasema kweli. Kila nikiuchora ulionyooka mkono wangu unafurahi, sasa nitajuaje kama ni maji yanayotaka au ni mimi? Ukuta wa kona nitaufanya mnene. Siuamini moyo wangu kwa mtu yule."

"Mimi wangu nauamini," nikasema. "Watoto wa watu waloweshwe ili wewe uonekane mwema? Umekuwa baba yako sasa, unamkatia mchokozi kipande cha shamba, na safari hii shamba si lako."

Ilimuuma. Niliona imemuuma na nikaacha imuume. Hatukusemeshana hadi mwisho wa wiki, ingawa vifungo alinifunga kila asubuhi kama kawaida. Na mchoro wenye kona uliendelea kulala juu ya meza ya chakula, tayari kupelekwa Jumatatu. Nilipita pale nikiutazama, nikajua ukishagongwa muhuri basi tena, Marashi atakufa kitandani kwake kwa raha zake.

Jumamosi mchana nikasikia gari mlangoni, na kabla sijafungua pua yangu ikaniambia ni nani. Amezeeka, lakini bado amenyooka. Mume wangu akamwamkia kwa adabu, shikamoo mzee, akaitikia marahaba kijana wangu, akakaa kwenye kochi letu kana kwamba alikuja juzi tu. Nikaenda kuchemsha chai. Nyumba yetu ni ndogo, jikoni unasikia yote.

Akampaka mume wangu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alijua tangu mwanzo kijana atafika mbali. Ndiye aliyemlea kikazi. Basi amesikia habari za mfereji, na yeye ni mtu mzima, hana pa kwenda, nguvu zake zote ziko katika nyumba ile. Mume wangu akamwambia kuna njia ya kuzungusha, anaifikiria. Sauti yake ilikuwa ya chini, yenye huruma. Nikamimina chai mpaka ikamwagikia mezani.

Nilipeleka chai kikombe kimoja kimoja, kwa kushoto. Nikasimama mbele yake. Hotuba yangu yote ilikuwa mdomoni. Nilitaka tu aanze yeye, aone haya, atazame chini, chochote.

Marashi akapokea kikombe, akauona mkono wa kulia, akasikitika kweli. Akaniuliza kwa upole, "Pole sana, mama. Ulipatwa na nini? Mashine?"

Ningeweza kustahimili atukane, au akane. Hili sikuwa nimelitungia jibu. Nilisimama na sinia tupu, nikamtazama mume wangu, na nikaona uso ambao sikuwahi kuuona kwake tangu siku ya suruali ya kwanza.

Hakupaza sauti. Aliinuka, akaenda kwenye meza ya chakula, akachukua kifutio. Akaifuta ile kona taratibu, akapuliza vumbi. Akaweka rula, akavuta mstari kutoka mlimani hadi mtoni, mmoja, ulionyooka. Kisha akauleta mchoro akautandaza juu ya magoti ya mgeni.

"Hii ni sebule yako, mzee," akasema, akaweka ncha ya penseli. "Na hiki ni chumba chako cha kulala."

Marashi akautazama muda mrefu. Alikuwa mhandisi, alielewa. "Unanilipizia," akasema. "Kwa lipi? Nilikukosea nini mimi?"

"Ndiyo, nakulipizia," mume wangu akasema. "Na mstari ni sahihi. Yote mawili."

Hakumwambia ni kwa lipi. Nami sikumwambia. Tulimfungulia mlango.

Baada ya hapo mume wangu hakula vizuri kwa siku kadhaa. Aliwapelekea wahandisi wengine vipimo vitupu, bila mchoro, wachore wao, na wote wakaleta mstari uleule, akapumua. Bado husema ni mstari wa pekee aliouchora kwa hasira na kwamba hatamani kuchora mwingine wa namna hiyo. Mimi sikukosa hata tonge. Roho yangu ilisuuzika, na nalala vizuri.

Siku ya kubomoa nyumba ya Marashi nilimwomba anivalishe gauni langu zuri. Akajua ninakokwenda, akalifunga lote, akanibusu kwenye paji la uso. Nilisimama ng'ambo ya barabara pamoja na wazazi wa shule. Tingatinga lilianzia sebuleni. Marashi alikuwa ameketi kwenye moja ya makochi yake yaliyotolewa nje, na vumbi limemjaa mabegani. Akageuka akaniona. Macho yake yakashuka kwenye mkono wangu, yakakaa pale, na nikaona kumbukumbu zinamwingia pole pole, soko, mirunda, mwanamke mwenye bandeji. Akageuza uso haraka.

Wazazi walipoanza kuondoka, mimi sikuondoka. Nilingoja pale pale mpaka akageuka tena.