Kura ya Fundi Zamu

Kabla Fundi Zamu hajachaguliwa mwenyekiti, vikao vya mafundi cherehani wa ukumbi ule viliendeshwa kwa mapafu: mwenye sauti kubwa ndiye aliyeshinda. Mmoja wao, Mdarizi, ambaye alikuwa na kigugumizi, alikaa miaka minane bila kumaliza sentensi hata moja kikaoni.

Fundi Zamu, mjane mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuja na utaratibu. Hoja moja kwa wakati mmoja. Akitokea mtoa hoja, apatikane wa kumuunga mkono. Aliyekwisha kusema asirudie mpaka wenzake wapate zamu. Ndipo jina la Zamu likamganda. Na mwenye maslahi, yeye au ndugu yake, asipige kura.

Siku moja Mdarizi aliinua mkono, akahangaika na neno moja mpaka mtu akacheka. Mwenyekiti aligonga meza kwa mkasi.

"Mwenzetu ana nafasi yake. Tunasubiri."

Wakasubiri. Akamaliza.

Kisha ikaja hoja ya madirisha. Ukumbi ulikuwa na madirisha mawili na mafundi kumi na wanne, na wengi walitaka viti vya dirishani viwe vya kupokezana kila mwezi. Hapo dirishani, tangu ukumbi ufunguliwe, alikaa wifi yake Fundi Zamu, dada wa marehemu mumewe. Wawili hao waliishi nyumba moja, wakila sahani moja. Macho ya wifi yalikuwa yamepungua nguvu. Mbali na mwanga, kutunga uzi kwenye sindano kulimtoa jasho.

Wifi akaomba marekebisho: mwenye macho mabovu asihamishwe. Yeye mwenyewe hakupiga kura. Mikono ikahesabiwa: sita wamekubali, sita wamekataa. Wote wakamgeukia mwenyekiti, maana kura ya kuamua ilikuwa yake.

Fundi Zamu aliinamia karatasi. "Mhusika ni wifi yangu, kwa hiyo siruhusiwi. Kura zimelingana. Marekebisho yameanguka."

Hoja ya kupokezana ikapita. Wifi alikunja kitambaa chake taratibu, akaondoka. Jioni ile alihamia kwa binti yake, na cherehani yake ikamfuata.

Kikao kilichofuata, Mdarizi, ambaye alikuwa mmoja wa waliokataa, aliomba jambo lifunguliwe upya. "Ni-nilikosea," alisema. Safari hii marekebisho yalipita, kura kumi kwa mbili.

Fundi Zamu alienda mwenyewe kupeleka habari. Hakukaribishwa ndani.

"Wifi, kiti chako kimerudi."

"Nashukuru. Wasalimie."

"Hurudi?"

"Sheria nilizielewa, wifi. Kura sikukudai. Lakini ulishindwa hata kuniangalia?"

"Ningekuangalia, ningeipiga."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

Fundi Zamu alirudi nyumbani, akapika chakula cha watu wawili kwa mazoea, akala kidogo, akafunika kingine.

Mwezi uliofuata katibu alisoma mahudhurio. Alipofika jina la wifi, mwenyekiti alisema haraka, "Mwandike kati ya waliotoa udhuru."

Katibu aliinua kalamu. "Alituma udhuru, mama?"

Wakamsubiri.

"Hapana," alisema Fundi Zamu. "Mwandike hakuhudhuria. Tuendelee na ajenda."