Tundu la Nne

Nauza mikanda Mchikichini. Ni ya mtumba, ya ngozi, naichambua mwenyewe belo linapofunguliwa. Mtu akiinua mkanda mmoja tu, nishajua anautakia nini. Kijana hutazama bizimu inayong'aa. Mzee huukunja aone kama ngozi imepasuka. Kaka yangu alitaka mpana, akaupima chini kabisa ya kitovu, mahali ambapo suruali haifungwi.

Nikamwambia, "Una ngiri."

Akaangalia pembeni. Kwetu mwanamume hamwambii dada yake mambo ya kinena, lakini mimi nina mdomo tangu utotoni, na mjini hapa tulikuwa wawili tu. Akatikisa kichwa kukubali.

Alikuwa mbeba mizigo Kariakoo, kwenye maduka ya vitambaa. Pale kila duka lina kuli wake. Hakuna mkataba wala barua, tajiri anakuzoea, basi. Ukikosekana wiki mbili utamkuta mwingine amekaa kwenye kizingiti chako, na huna wa kumlalamikia. Wengi wao wana uvimbe kama wake. Wanajifunga tumbo na kutaniana kwamba wanabeba mzigo usiolipiwa.

Nilimburuta hospitali mwenyewe. Daktari alisema ni upasuaji mdogo, anaingia leo anatoka kesho, akampangia tarehe. Kisha akaongeza kwamba baada ya hapo asibebe kitu kizito kwa miezi mitatu. Nilimwona kaka akinywea kwenye kiti. Upasuaji wenyewe tungeumudu, tulishajichanga. Miezi mitatu ya kukaa bure ndiyo iliyotushinda, na hiyo haikuandikwa kwenye karatasi ya hospitali.

Tarehe ikaangukia wiki mbili kabla ya Idi, wakati majora ya vitambaa yanaingia na kutoka mchana kutwa. Siku ya kwenda hospitali ilipofika, alikuja bandani kwangu akitembea upande upande, akaomba nimtobolee ule mkanda niliompa tundu lingine, la nne, kwa kuwa yale matatu hayabani tena. Nilimtukana. Nilimwita mpumbavu mbele ya wateja, nikamwambia huyo tajiri wake hatakuja hata kumzika. Aliniacha nimalize.

"Mdogo wangu, nibane tu mpaka Idi ipite," akasema. "Halafu naenda."

Nikachukua msumari na nyundo, nikatoboa. Najua kwa nini. Hata mimi nilikiogopea kile kizingiti, maana watoto wake wawili walikula kutokana nacho. Tena mkanda ulikuwa unamsaidia, niliona kwa macho yangu. Akiufunga ananyooka, anatabasamu, humjui kama ni mgonjwa.

Siku tatu kabla ya Idi, asubuhi, wenzake walimkuta kwenye ngazi za ghala amejikunja, anatapika. Uvimbe ulikuwa umekataa kurudi ndani. Walimlaza kwenye mkokoteni juu ya maboksi, wakakimbia naye katikati ya watu wakipiga miluzi, kama wafanyavyo mzigo ukiwa wa haraka, mpaka wakapata bajaji. Mmoja wao akanipigia simu. Hospitali ya kwanza haikuwa na daktari wa kupasua siku hiyo. Ya pili alikuwepo, na foleni ilikuwepo. Kaka aliingizwa chumba cha upasuaji alasiri, na utumbo ulionasa ulikuwa umeshaoza. Daktari alinieleza taratibu, wala hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Alifariki kesho yake. Idi ilitukuta kwenye matanga.

Tajiri wake alikuja kuzika. Hapo nilikosea. Alishika jeneza, akalia mbele za watu, na tulipotoka makaburini akaniita kando.

"Angeniambia tu," akasema, "ningemwekea nafasi yake."

Sijui kama ni kweli. Namchukia kwa kulisema, na najichukia zaidi, kwa sababu kutoka bandani kwangu mpaka dukani kwake ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na mimi mwenye mdomo wote huu sikwenda kumuuliza. Hakuna kuli anayemwambia tajiri kwamba anaumwa. Na sisi tunaowapenda tunawafichia.

Nesi alinikabidhi vitu vyake kwenye mfuko: shati, kandambili, mkanda. Kwenye tundu la nne ngozi ilikuwa imevutika mpaka tundu limekuwa refu. Sikuuosha wala sikuutupa.

Juzi mwanamume mmoja mwenye mabega mapana alisimama bandani, akachagua mpana, akaupima chini ya kitovu. Nilimwambia simuuzii. Nikamuuliza anabebea duka gani, twende wote nikaongee na tajiri wake. Alinitazama kama nimevua nguo, akaurudisha mkanda, akasogea banda la pili. Nikajifanya napanga bidhaa. Baada ya muda nikasikia nyundo ya jirani ikigonga msumari.