Sitini ya Mwalimu Mkuu

Wenye huruma wasisome haya. Nilimngoja mwalimu mkuu wangu astaafu kama mkulima anavyongoja mvua ya kupandia, wala sikuwa namwombea mapumziko mema. Nilitaka atoke, na nilitaka atoke kwa aibu.

Nilikuwa msaidizi wake katika shule moja ya msingi pale Kamunyonge, Musoma mjini. Msaidizi maana yake yeye alikuwa na kiti na mimi nilikuwa na kazi. Ratiba mimi, wazazi wakorofi mimi, choo kikijaa mimi. Yeye alifika, akasaini, akafunga mlango wa ofisi, na ukipita dirishani unamsikia anakoroma. Vipindi vyake vya Hisabati alivifundisha binti mmoja wa kujitolea, aliyemaliza chuo cha ualimu zamani na bado alikuwa anasubiri ajira. Binti huyo alifundisha bure, na chai akamchemshia.

Hayo ningeyameza. Lakini mama yangu alipozidiwa nyumbani Butiama, niliomba ruhusa nikamuuguze. Mwalimu mkuu alinijibu mbele ya walimu wote, huku anachokonoa meno.

"Mama yako ni mzee. Wazee wanaumwaga kila siku. Tukiruhusu kila mtu aende kwa mzee wake, nani atafundisha?"

Walimu wenzangu wakatazama meza. Nikabaki. Mama alifariki nikiwa nasimamia mtihani wa majaribio, natembea kati ya madawati nikiwaambia watoto wasitazamiane. Nilifika Butiama nikakuta wameshamwosha. Tangu siku hiyo nilimchukia yule mtu kwa utulivu, bila haraka, nikimwamkia vizuri kila asubuhi.

Basi nikawa na shauku moja: atoke kabla yangu, nami nikalie kile kiti hata kwa mwaka mmoja, niiongoze kwa jina shule niliyokuwa naiongoza kwa jasho. Nilikuwa na miaka hamsini na saba. Kwenye karatasi za kazi yeye alikuwa na hamsini na nane. Nilijua ni uongo, kwa sababu kaka yangu alitahiriwa naye.

Kwetu vijana waliotahiriwa msimu mmoja ni rika moja mpaka kaburini. Wanataniana bila mipaka, hawanyimani chakula, na ni mwiko kumkasirikia mwenzako kwa sababu ya utani. Msimu ule wa kaka walipangwa mstari kwa umri, mkubwa mbele. Kaka alikuwa akiisimulia asubuhi ile kila Krismasi, na kila mara mbele yake mstarini alisimama kijana mmoja, huyu huyu mwalimu mkuu wangu. Sasa kaka, aliyekuwa bwana shamba wa pamba kule Bunda, alishatimiza sitini, akastaafu, na anafuga kuku Butiama. Aliyemtangulia kwa kisu eti bado ana hamsini na nane!

Ningeweza kwenda kumshtaki. Lakini nawajua wanaoshtaki wakubwa: wanaombwa ushahidi, kisha wanahamishiwa visiwa vya ziwani. Nikanyamaza, nikahesabu kwamba hata kwa uongo wake siku itafika.

Ndipo zikaja habari za kuongeza umri wa kustaafu. Zilianzia kwenye simu za watu, zikahamia chumba cha walimu, na hakuna aliyejua kama ni kweli. Mwalimu mkuu alizishangilia kama bao.

"Waongeze mpaka sitini na tano," alisema. "Mtu wa sitini siku hizi ni kijana. Wanautupa uzoefu bure."

"Na hawa wanaosubiri ajira?" nikauliza. Binti wa kujitolea alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai.

"Wasubiri. Kwani sisi hatukusubirigi?"

Sitasema hoja yake ilikuwa tupu. Namkumbuka mwalimu wetu mmoja wa darasa la kwanza, mama aliyeweza kumfundisha kusoma hata mtoto aliyeshindikana, akaondoka kwa sitini akiwa na nguvu zake zote, na mpaka leo hajapatikana wa kuziba pengo lake. Huyo ningemwongezea kumi. Lakini hoja ikitoka kwenye mdomo ule ilininukia. Nikaona hesabu zangu zote zinakwenda na maji: wakiongeza, yule mtu angekoroma juu ya kile kiti mpaka mimi nichoke kabisa. Usiku huo nikaamua kutosubiri tena.

Mahafali ya darasa la saba yalikuwa yamekaribia, na anayepanga viti ni nani? Msaidizi. Nikamwalika kaka, mtumishi mstaafu, aje awape wahitimu neno. Nikamweka meza kuu, kati ya mwalimu mkuu na afisa elimu wa kata. Sikumwambia kaka chochote. Kaka hahitaji kuambiwa, anahitaji kipaza sauti tu.

Alipokipata aliwasalimu wazazi, akawaasa watoto kidogo kuhusu kilimo, halafu akamgeukia jirani yake na kumpiga begani.

"Wazazi, huyu mnayemwona ni rika langu! Tulikatwa asubuhi moja, baridi inauma. Sasa mimi nimestaafu, nalisha kuku. Huyu bado anapiga kengele! Rika langu, hiyo shule umeioa?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Mwalimu mkuu alicheka nao, lakini macho yake yalinitafuta mimi. Akatikisa mkono kama anayefukuza nzi.

"Mzee huyu ananifananisha," alisema.

Kaka akashika kiuno. "Nakufananisha? Basi siku ile ulikuwa mtoto bado, ulikuja kubeba maji. Wazazi, samahani, nilidhani ni mwanaume mwenzangu."

Hapo wazee waliokaa nyuma wakaguna. Angenyamaza tu, angepona. Angecheka akakaa, ingepita kama utani mwingine. Lakini mwanaume wa kwetu umwite mwongo, mvivu, mwizi, atavumilia. Umwambie hakusimama mstarini, hapana. Alisimama, akamnyang'anya kaka kipaza sauti.

"Nani alibeba maji? Mimi nilikutangulia! Mimi ndiye niliyesimama mbele yako, sikupepesa jicho, na wewe nyuma yangu ulikuwa unatetemeka!"

Wazee wakampigia makofi. Afisa elimu alikuwa anajipepea na ratiba ya sherehe, akaacha kujipepea.

"Kwa hiyo mwalimu mkuu ni mkubwa kwako?" alimuuliza kaka, taratibu.

"Mkubwa kabisa," kaka akajibu, anamsifia rika lake kwa moyo mweupe.

Nilikuwa nimesimama kando na sinia la soda. Sijawahi kuonja utamu kama ule.

Wakubwa wa elimu walichimba kumbukumbu zake, wakakuta umri wa kweli, na kabla ya muhula kuisha akaambiwa aende nyumbani. Sherehe ya kumuaga niliiandaa mimi. Shuka la kumvisha nililichagua mimi, nikalifunga shingoni mwake kwa mikono yangu, nikakaza fundo.

"Umefurahi?" aliniuliza, midomo haichezi.

"Sana," nikamwambia.

Halafu wakaleta mwalimu mkuu mpya kutoka shule nyingine, kijana anayeniita Mama. Afisa elimu alinieleza kwa upole kabisa: "Mwalimu, wewe umebakiza muda mfupi. Tunataka mtu wa kukaa." Yule binti wa kujitolea naye hakupata kitu, nafasi ilijazwa kwa uhamisho. Anaendelea kufundisha Hisabati bure, na mimi naendelea na ratiba na choo.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Butiama kumlilia kaka. Niliingia uani nikiwa tayari na machozi, nikamkuta adui yangu amekaa kwenye kigoda, kavua viatu, ananyonyoa kuku. Amenenepa. Kaka anamcheka namna anavyonyonyoa, naye anamrudishia. Anakujaga karibu kila wiki, kaka akasema. Hakuwa na kinyongo hata kidogo. Alishataniwa na rika lake, na mwiko ni mwiko.

"Karibu, mwalimu," akaniambia, akinipisha kigoda. "Ningejua kupumzika kuko hivi, ningekuomba umlete huyu mapema."

Nikakaa. Walishasikia ya kiti changu, kwa hiyo hawakuniuliza. Adui yangu akafuta manyoya mikononi.

"Ile habari ya kuongeza umri, naona bado wanaisemaga. Wewe unaonaje?"

"Waongeze," nikasema. "Na wewe wakurudishe."

Wakacheka wote wawili, kaka mpaka akashika mbavu. Mimi sikuwa natania.