Niliumwaga Uji wa Mama Cate

Siku ya kumi na nne ya Ramadhani, mwaka wa 2006, niliingia chooni nikatoka nikijua kwamba kuna mtu ananiua polepole.

Na mtu mwenyewe nilikuwa namjua. Jioni iliyotangulia nilikunywa uji wake.

Msinicheke. Nitawaambia yote, hata ya aibu, maana aibu ndiyo iliyonifikisha pale.

Naitwa Shee. Wakati huo nilikuwa na duka la vitambaa katikati ya mji, mtaa wa Biashara. Nyumbani kwetu ni Lamu, lakini tulikuwa tumepanga nyumba mtaa wa Kabiria, mimi, mke wangu Mishi na binti yetu Nisreen. Wenye nyumba walikuwa Mzee Kiarie na mkewe Hannah, ambaye watu wote walimwita Mama Cate. Wao nyumba ya mbele, sisi ya nyuma, lango moja.

Mama Cate hakukosa kanisa hata Jumapili moja, lakini Ramadhani ikiingia utadhani na yeye amefunga. Mishi akimpelekea kaimati, sahani hairudi tupu. Na kila jioni, kabla ya adhana, alituletea uji wa wimbi kwenye themosi.

"Baba Nisreen, kunywa ikiwa moto. Mtu hawezi kushinda na njaa hivyo halafu aweke maji baridi kwa tumbo."

Basi mwaka ule kukaingia mdudu. Mwezi wa nane alituita sebuleni kwake akasema Cate, binti yake, anarudi kutoka Nakuru na watoto, na ile nyumba yetu ataihitaji Desemba. Nikamwomba atuvumilie hadi mwakani. Akakubali, lakini kwa shingo upande.

Lile neno halikunitoka moyoni.

Ramadhani ikaingia. Siku ya tatu niliteleza kwenye ngazi ya dukani nikipanga majora, nikaangukia kiuno. Ilikuwa balaa. Hata kurukuu kwenye swala ilikuwa shida. Nikanunua dawa ya maumivu pale mjini, nikajifunga leso ya Mishi kiunoni, maisha yakaendelea.

Halafu ikaja hiyo siku ya kumi na nne.

Choo kilikuwa cheusi. Sisemi kahawia iliyokolea. Nasema cheusi tititi, kinanata kama lami, na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichooza.

Nilimwaga ndoo tatu za maji nikatoka kimya. Mwanamume atamwambia nani habari za choo chake? Wahenga walisema mficha uchi hazai, mimi nikaficha.

Kesho yake vilevile. Nikipanda ngazi za msikiti moyo unanidunda kama nimekimbia. Kwenye tarawehe macho yakaingia giza nikashika nguzo. Nikajiambia ni saumu tu.

Jirani yangu wa duka, Hanif, ndiye aliyenibana.

"Shee, unaumwa?"

"Saumu hiyo."

"Mimi sijafunga? Midomo yako imepauka kama ya maiti. Sema."

Nikasema. Hanif akatazama nyuma yake, akashusha sauti.

"Nani anakulisha zaidi ya mkeo?"

"Mama mwenye nyumba. Huleta uji."

"Ana neno na wewe?"

Nikamweleza habari ya Desemba. Hanif akatikisa kichwa taratibu.

"Kikulacho ki nguoni mwako. Mjomba wangu alikwenda hivyohivyo, Malindi. Alitiliwa kitu, kidogo kidogo, kwenye chakula. Choo kikageuka cheusi. Siku ya tisa tukamzika."

Siku tisa. Nilirudi dukani kwangu nikahesabu kwa vidole. Mbili zilikuwa zimeshapita.

Jioni ya siku ya kumi na sita Mama Cate akaja na themosi yake kama kawaida. Nilimngoja langoni. Wapangaji wa nyumba ya jirani walikuwa nje wanaanua nguo.

"Baba Nisreen, shika, leo nimeweka..."

Nikaipokea, nikafungua kifuniko, nikaumwaga uji wote chini, mbele ya miguu yake.

"Kunywa wewe," nikamwambia. "Kunywa hapo chini tuone."

"Haki ya Mungu, ni nini nimekosea?"

"Unaijua kazi yako. Nyumba utaipata, lakini si kwa kunizika mimi."

Kila mtu alisikia. Mama Cate alinitazama, akaitazama ile themosi mkononi mwangu, akageuka akaenda zake. Alitembea kama mtu anayekanyaga miiba. Mishi alilia usiku kucha na kuniambia nimerukwa na akili.

Kuanzia hapo sikuamini mkono wa mtu. Kufuturu kwangu kukawa tende na maji. Daku pia, tende na maji. Na ajabu ni kwamba nilizidi kuzorota. Tumbo lilinichoma chini ya kifua kama nimemeza kaa la moto.

Na Mama Cate naye akaanza kunitisha. Kila nikipita asubuhi nilimkuta ameketi mlangoni mwake. Uso umevimba. Macho yamekuwa madogo. Ananitazama tu. Nikajiambia ubaya wake sasa unamtokea usoni.

Siku ya ishirini, saa moja asubuhi, nilikuwa nafungua lango niende kazini. Nikasikia kichefuchefu. Nikainama.

Nilitapika kitu kama machicha ya kahawa. Kikaja tena, safari hii na damu nyekundu ndani yake. Nikaanguka palepale langoni.

Nilizinduka nikiwa kwenye pikapu ya Mzee Kiarie, kichwa mapajani mwa Mishi. Mzee alikuwa anapiga honi tu. Tulipotoka langoni nilimwona Mama Cate. Amesimama, ameshika nguzo ya lango kwa mikono miwili. Hakupunga mkono, hakusogea.

"Mtazame," nikamwambia Mishi. "Anahakikisha."

Tuliyapita maduka ya Adams Arcade nikiwa nasoma shahada moyoni.

Hospitalini nilitiwa damu chupa mbili. Wakaniingiza kamera tumboni kupitia mdomoni. Baadaye akaja daktari, mama mmoja mfupi wa sauti ya chini, Daktari Nthiwa.

"Unatumia dawa gani?"

"Hakuna, daktari. Nimelishwa sumu."

"Na nani?"

"Mwenye nyumba wangu."

Akaandika. "Hata za maumivu hujameza?"

"Ah. Za mgongo tu. Hizo si dawa."

Kalamu ikasimama.

Mishi akatia mkono kwenye mfuko wa koti langu akatoa pakiti mbili, kila moja na rangi yake. Daktari akazigeuza, akasoma.

"Hii ni diklofenaki. Hii ni ibuprofeni. Unamezaje?"

Hapo ndipo nilipolazimika kusema nilichokuwa nikifanya. Aliyeniuzia mjini aliniambia kimoja mara tatu kwa siku, ukishakula, siku tano. Hakujua nimefunga, nami sikumwambia. Sasa mtu aliyefunga atameza mchana saa ngapi? Nikapiga hesabu yangu ya kiduka, kimoja mara tatu ni vitatu. Adhana ya magharibi ikilia, kabla hata ya tende, vidonge vitatu na maji. Maumivu yalipokaidi nikaongeza vile vingine kutoka duka la karibu na nyumbani. Viwili magharibi, viwili wakati wa daku.

"Kwa siku ngapi?"

"Kumi na saba."

Daktari Nthiwa akavua miwani.

"Bwana Shee, dawa hizi mbili ni mtu na ndugu yake. Hazimezwi pamoja. Hizi huondoa maumivu, lakini pia hudhoofisha kinga ya tumbo. Mtu mzima mwenye afya akimeza aina moja, kipimo kidogo kinachomtosha, siku chache, baada ya chakula, mara nyingi hapati shida. Wewe umemeza za siku nzima kwa mpigo mmoja, tumbo tupu, wiki mbili na zaidi. Una kidonda kinachovuja damu. Kile choo cheusi kilikuwa damu yako mwenyewe."

"Na uji?"

"Uji gani?"

Mishi akamweleza. Daktari akatikisa kichwa.

"Uji haukukudhuru. Pengine ndicho chakula pekee kilichokuwa kinakupoza."

Nilifunika uso kwa shuka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Laiti ingeishia hapo. Lakini kuna kitu nimewaficha tangu mwanzo, kama nilivyomficha Mishi.

Siku ya kumi na moja ya mfungo, Mishi hayuko, Mama Cate alikuja na sahani ya ndizi, akilalamikia magoti. Sahani hairudi tupu, na mimi jikoni sijui pa kuanzia. Nikachukua pakiti nzima ya diklofenaki, vidonge thelathini, nikaiweka kwenye sahani yake.

"Hizi kiboko, Mama Cate. Kimoja mara tatu."

"Mungu akubariki, Baba Nisreen."

Nilijiona mtu mwema sana siku hiyo.

Nikashusha shuka. "Daktari. Mtu mwenye presha akimeza hizi?"

"Presha anayotibiwa?"

"Ndiyo. Ana dawa za kila siku. Na nyingine ya kupunguza maji, inampeleka msalani."

"Ana umri gani?"

"Sitini na kitu."

"Amevimba popote?"

Uso. Macho. Ile miguu iliyokuwa inakanyaga kama kuna miiba. Ile nguzo aliyoishika kwa mikono miwili kwa sababu hakuweza kusimama.

Daktari alisoma jibu usoni mwangu.

"Mpigie sasa hivi," akasema. "Aache hizo za maumivu. Za presha asiache kwa kichwa chake, aje nazo. Na aletwe leo, si kesho. Hizo zikikutana na za presha, figo zinaweza kulala, ziache kuchuja."

Nikapiga. Simu ya Mama Cate ikaita mpaka ikakata. Mara tatu. Nikampigia Mzee Kiarie, ambaye alikuwa ameshatushusha na kuondoka.

"Mzee, Mama Cate yuko wapi? Asimeze..."

"Shee." Sauti ilikuwa baridi. "Nilikubeba kwa sababu wewe ni binadamu. Lakini jina la bibi yangu usiliweke kwa mdomo yako tena."

Akakata. Nikapiga tena, imezimwa.

Mishi hakusubiri niseme. Alivaa viatu akaondoka mbio.

Nililala pale na sindano mkononi kuanzia adhuhuri mpaka jua likashuka. Kwa mara ya kwanza tangu niumwe sikujiombea mimi. Nilisema, ewe Mola, yule mama akifa, nimemuua mimi, kwa mkono wangu, kwenye sahani yake mwenyewe.

Mishi na Mzee Kiarie walimleta Mama Cate saa kumi na mbili jioni. Mishi aliniambia baadaye kwamba Mzee Kiarie alimfungia mlango, naye akaketi kwenye ngazi akalia hadi wakafungua. Mama Cate alikuwa hajakojoa tangu jana yake. Alifikiri ni uzee.

Figo zake zilirudi, lakini hazikurudi zote. Mpaka leo anakwenda kliniki, na chumvi anaisikia kwa harufu tu.

Iddi ilinikuta hospitalini. Siku ya tatu baada ya Iddi niliruhusiwa, nikapanda hadi wodi ya wanawake. Mama Cate alikuwa ameketi kitandani, amekonda, leso kichwani. Nilipiga magoti sakafuni mbele ya watu.

"Mama Cate, mimi ndiye niliyekulisha sumu. Nilikupa dawa nisiyoijua. Halafu nikakusingizia wewe."



"Daktari aliniambia."

"Nisamehe, mama."

"Baba Nisreen, unajua kitu moja? Ile siku ulimwaga uji, nilirudi kwa nyumba nikalia. Halafu nikachukua dawa yako nikameza. Jioni hiyo, na kesho yake, na kesho yake tena. Sikuwaza kitu mbaya hata kidogo."

 

Wakubwa wenzangu, dawa ya maumivu ni dawa. Ukiulizwa unatumia nini, itaje. Ukiambiwa siku tano, ni tano, na usichanganye mbili kwa sababu moja imechelewa. Kama umefunga, mwambie anayekuuzia, na kama unaumwa kweli, Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kula. Mimi niliikataa ruhusa yake kwa kiburi nikaiita ibada. Choo kikiwa cheusi kama lami, kimbia hospitali siku hiyohiyo, kabla hujaanza kutafuta mchawi. Na usimpe mwenzio dawa iliyokufaa wewe, hata kama unampenda. Mpe ndizi.