Kaseti Alimo Mume Wangu

Mume wangu hakupenda kupigwa picha. Haikuwa kwa sababu ya dini, maana wenziwe wa msikitini walipigwa na wakazitundika ukutani. Alisema tu kwamba mwenye haja ya kumwona anajua alipoketi, na kweli aliketi pale pale kibarazani petu miaka yote, akishona makubadhi. Picha aliyokuwa nayo ilikuwa moja, ile ya kipande, kitambulisho chake. Alipofariki nilikipeleka kipande hicho ofisini kuandikisha kifo, kama nilivyoagizwa. Karani alikipokea, akakitoboa, akakitia katika droo. Mimi sikusoma, na sikujua kwamba mtu angeweza kutoa nakala kwanza. Nilichukua karatasi niliyopewa nikarudi Mji wa Kale, nikidhani nimemaliza kazi vizuri.

Nilichokiacha katika droo ile nilikitambua baada ya miaka. Ndugu yako mkubwa alipozaliwa, wanawake waliokuja kumtazama walisema amechukua uso wa babu yake, kisha wakanigeukia mimi nithibitishe. Nikathibitisha. Lakini nilipoingia jikoni kuinjika kahawa nilijaribu kuulinganisha uso wa mtoto na wa marehemu, nikaona huo wa marehemu sinao. Nilikuwa na kofia yake, nilikuwa na kikohozi chake, nilikuwa na mgongo wake akiinamia ngozi. Katikati, mahali pa uso, hapakuwa na kitu kizima. Nikawapelekea wageni kahawa, nikaketi nao, na sikumwambia mtu. Mke aliyekaa na mume muda wote ule aanzaje kusema kwamba amemsahau sura?

Habari ya filamu ililetwa na shoga yangu wa nyumba ya pili. Alikuwa mjane kama mimi, ila yeye alikuwa na televisheni na mashine ya video, na alipenda filamu za Kihindi kupita kiasi. Akizitazama alilia, na akija kunihadithia alilia tena. Siku hiyo alikuja na macho makavu.

"Dada, nimesikia neno kwa mwenye duka la kaseti, Makadara," alisema. "Asema anayo filamu ya mtaa wetu, ya zamani. Yumo fundi wa makubadhi, ameketi kwenye kibaraza chenye nguzo ya samawati. Kuna mwingine?"

"Yumo afanya nini?"

"Ashona."

"Na kisha?"

"Ashona tena. Mwenye duka asema tangu azaliwe hajaona filamu kama hiyo. Hapana wimbo, hapana mwizi, hapana mchumba."

Hapo nikamkumbuka yule Mzungu. Alikuja wanangu wakiwa wadogo, na mashine yake ya miguu mitatu, akakaa mtaani petu juma zima akipiga picha za kuta, paka, ndoo na mabomba ya mvua. Mimi nilikuwa ndani, kwa kuwa haikuwa desturi yetu kutoka kumtazama mwanamume mgeni. Nilimsikia mume wangu akimwambia, "Tazama utakavyo, ila usinisemeshe." Alipoingia kula nilimuuliza vipi leo amekubali picha. Akanijibu kwamba hii haikuwa picha; yule mtu alitaka mikono yake tu, apate kuwaonyesha watu wa kwao namna kazi inavyofanywa. Ndivyo alivyoamini, na mimi nikaamini kwa sababu yeye aliamini.

Kesho yake nilivaa buibui langu nikaenda Makadara. Nilikuwa sijapata kuingia duka la kaseti. Ukuta mzima ulipangwa kaseti kama matofali, na vijana wamesimama wakibishana ni nani kati ya wapiganaji wawili angemshinda mwenziwe. Mwenye duka, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinisalimu kwa adabu.

"Karibu, mama. Za mawaidha ziko juu. Za harusi ziko chini."

"Nataka ile ya Mji wa Kale. Ya fundi wa makubadhi."

"Ah," alisema, "dawa ya usingizi." Vijana wakacheka. "Mama, hiyo hata daktari huwaandikia watu."

"Nimekuja kuazima kaseti," nilimwambia. "Mzaha wako ubaki nao."

Wale vijana wakamcheka yeye sasa, naye akacheka pamoja nao, akainama chini ya meza akaitafuta. Sikuweza kusoma yaliyoandikwa ubavuni mwake, kwa hiyo nilimtaka aitie alama nitakayoijua. Akachora nyota kwa kalamu nyekundu.

Tuliitazama nyumbani kwa shoga yangu, milango imefungwa, baada ya sala ya adhuhuri. Mwanzo kulikuwa na herufi. Nikamuuliza zasema nini, akasema si Kiswahili wala Kiingereza, hata yeye hazijui. Kisha ukaja mtaa wetu. Picha haikuwa na rangi, nayo ilipanda na kushuka kama inayotikiswa, na vumbi jeupe likanyesha juu ya kila kitu. Hata hivyo niliijua pembe ya msikiti, niliujua mlango wa jirani aliyehamia Lamu. Ilikuja nguzo ya kibaraza chetu. Nikasogea karibu na kioo. Ukaonekana mkono umeshika msharasi, ile sindano nene ya kudungia ngozi, na mkono ulikuwa wake. Nikavuta pumzi. Papo hapo picha ikakatika, akaja paka ananywa maji. Nikangoja mpaka mwisho, hata zilipokuja nyimbo za Kihindi. Hakurudi tena.

"Rudisha nyuma," nilimwambia shoga yangu. Akarudisha. Mkono, paka. Akarudisha tena. Mkono, paka.

"Labda ndio wote," alisema.

"Mwenye duka alikwambia ashona, na kisha ashona tena. Huo ni mkono uliogusa ngozi mara moja."

Nilirudi Makadara siku ile ile, kaseti mkononi. Nikamuuliza mwenye duka kwa nini fundi hayumo. Hakukana. Alijieleza kama mtu anayeeleza jambo jema alilolifanya.

"Mama, kila filamu inayopita hapa naipunguza mwenyewe. Mahali pasipo na kitu napatoa. Badala yake nimetia nyimbo tatu za Kihindi mwishoni, watu wafurahi. Hukuziona?"

"Mahali pasipo na kitu ni wapi?"

"Yule mtu. Ameketi, ashona. Hasemi, haimbi, hainuki. Ni kitambo kizima, mama. Mteja ataka kuona nini hapo?"

"Ni mume wangu," nilimwambia.

Alivua miwani yake, uzi ukamnasa sikioni, akahangaika nao. Vijana walikuwapo, na safari hii hakuna aliyecheka. Akasema, "Poleni, mama. Mimi nilidhani ni mtu tu."

Nilitaka kumkemea na nilikuwa na maneno ya kutosha, lakini nilihitaji kujua kaseti yenyewe aliitoa wapi. Akanieleza kwamba aliiazima kwa mzee mmoja wa Tudor, mstaafu wa reli, na kwamba nakala yake ilitoka mbaya kwa sababu mkanda ule ulitengenezewa mashine za nchi nyingine, na za kwetu hazikubaliani nao. Mzee yule alikuwa na mashine inayoukubali, na kwake ndiko alikouona una rangi. Akanielekeza nyumba.

Kwenda nyumbani kwa mwanamume nisiyemjua halikuwa jambo jepesi kwangu. Niliahirisha juma la kwanza na la pili. Nilijiambia kwamba marehemu mwenyewe hakutaka kuonekana, na kwamba kumwendea uso wake kwa siri ni kumvunjia heshima. Kisha mtoto, yule ndugu yako, akaletwa tena nyumbani, akalala mapajani mwangu, nikamtazama paji la uso na pua, nisijue natazama nini. Nikamwambia shoga yangu anisindikize.

Mzee wa Tudor alikuwa mtu wa bara, Mkristo, aliyekuja Mombasa kijana na kuzeekea hapa. Alikaa ghorofa ya pili, peke yake. Mkewe alikuwa amerudi shambani kwao siku nyingi. Alitupatia viti akauacha mlango wazi bila kuambiwa, nami nikamheshimu kwa hilo.

"Nilimbebea yule Mzungu masanduku," alisema. "Nilikuwa likizoni, sina la kufanya. Miaka mingi baadaye akaniletea mkanda huu kwa posta. Mashine nikaipata kwa baharia bandarini. Lakini sijapata mtu wa kuutazama naye hadi mwisho. Mke wangu alikuwa akiinuka kwenda kupika hata kama tumeshakula."

"Sisi hatutainuka," shoga yangu alisema.

Picha ilikuwa na rangi. Nguzo yetu ilikuwa ya samawati, samawati ile ile, kabla chumvi haijaila. Ukaja mkono na msharasi, na safari hii hakuna paka aliyekuja. Mkono ulidunga ngozi, ukavuta uzi, ukadunga tena. Nilisikia uzi ukipita ndani ya ngozi. Kisha mashine ikapanda polepole, kutoka mikononi hadi kifuani, hadi shingoni, na yeye hakujua, maana alikuwa ameinama, na aliamini kwamba wanatazama mikono. Ikafika usoni, ikasimama.

Alikuwa ameng'ata uzi pembeni mwa mdomo. Jasho lilikuwa juu ya mdomo wake. Alishona muda mrefu, mzee wa reli akasinzia kitini, shoga yangu akanishika mkono. Mwishoni aliinua kichwa, akaona mashine inamtazama usoni, akakunja kipaji. Akasema, "Basi, yatosha." Filamu ikaenda zake kwenye mabomba ya mvua.

Mzee aliamka akaniuliza, "Ni yeye, mama?"

"Ni yeye," nilisema. Nikamwomba arudishe. Alirudisha kila nilipoomba, wala hakuonyesha kuchoka.

Alijitolea kutafuta mtu wa kutoa nakala itakayokubaliana na mashine za kwetu, nzima, isiyopunguzwa hata kidogo, na baada ya miezi akaileta mwenyewe mpaka mlangoni. Nikawa naitazama kwa shoga yangu kila alasiri. Mwanzo tulitazama wawili. Kisha yeye akaanza kukumbuka nguo zilizoanikwa, au mgonjwa wa kutembelewa, nami sikumlaumu. Alikuwa mtu wa nyimbo. Akawa ananiachia ufunguo. Niliketi peke yangu mbele ya kioo kile, mume wangu akashona, akakunja kipaji, akasema yatosha, nami nikamrudisha nyuma akashona tena.

Sikutambua mapema nilichokuwa nikikifanya. Yule aliyemo katika kaseti ni kijana. Ni mdogo kuliko mwanangu wa mwisho. Ndevu zake ni nyeusi, na hajui kwamba nitamwuguza. Mimi nilikuwa nimekwenda kumtafuta mzee niliyemzika, niliyempa maji kwa kijiko, aliyenitazama miezi ile ya mwisho kama mtu anayetaka kusema jambo na kuliahirisha. Wa mzee huyo nilikuwa na vipande vidogo bado, hata baada ya kipande kubaki katika droo. Kila alasiri niliyomtazama kijana, vipande vile vilipungua. Siku moja nilifumba macho nimwone kitandani mwake, akaja kijana wa nguzo ya samawati, na uzi mdomoni, akaketi juu ya mto wa mgonjwa.

Nikaitoa kaseti katika mashine, nikamrudishia shoga yangu ufunguo. Aliniuliza imeharibika? Nikamwambia haijaharibika, ni nzuri mno. Hakuelewa, nami sikumweleza.

Kaseti imo kabatini, chini ya nguo zangu za kuzikiwa. Mkitaka kumwona babu yenu akiwa kijana, itazameni, ila nisiwepo. Wa uzeeni nimebakiwa na haya, na nataka uyaandike kabla hayajaondoka nayo. Nyusi zake zilitangulia ndevu kuota mvi. Jicho la kushoto lilikuwa na ukungu, kwa hiyo aligeuza kichwa kidogo akitaka kunitazama vizuri. Shavu la kulia lilibonyea palipong'olewa magego, na alipolala ubavu huo mdomo ulibaki wazi. Mengine sina. Waulize shangazi zako watakapokuja Idi, na wakikumbuka lolote uliongeze hapa chini.